Mkutano wa Mabaki

Kama kuna kitu Fundi Viti alichokichukia kuliko msumari uliopinda, basi ni ofisi yenye zulia. Aliwahi kuingia chache maishani mwake, na kila alipotoka alitoka na imani ileile: zulia halikuwekwa kwa ajili ya miguu ya bosi, limewekwa kunyonya maneno ya mnyonge yasifike mezani. Siku mkewe alipofariki, jenereta ya hospitali haikuwa na dizeli. Siku hiyohiyo msafara wa mkubwa mmoja ulipita barabarani ukipiga ving'ora, magari yamefuatana kama siafu, matangi yamejaa. Fundi alikwenda kuuliza. Akakaribishwa kwenye ofisi yenye zulia, akapewa pole, akapewa na maji ya chupa. Tangu hapo mvua isiponyesha ni wakubwa, ikizidi ni wakubwa, na gundi ikichelewa kukauka, ukimuuliza, utaambiwa ni haohao.

"Hata mbu aliyekuuma jana katumwa na mkurugenzi," kinyozi wa kibanda cha jirani alipenda kumtania.

"Hajatumwa. Kapewa leseni."

Kibanda chake mwenyewe kilikuwa cha mabati, kimejaa mifupa ya viti: miguu isiyo na mgongo, migongo isiyo na miguu, springi zilizochomoza kama utumbo wa redio. Alifanya kazi misumari midogo ikiwa mdomoni, akiisukuma mmoja mmoja kwa ulimi, ndiyo maana lawama zake nyingi kwa serikali zilitokea pembeni mwa mdomo.

Mtu pekee aliyebaki naye nyumbani alikuwa binti yake. Huyo alikuwa mhadhiri wa hisabati chuoni, Daktari kabisa, si wa kuchoma watu sindano bali wa kuwachosha ubongo. Fundi aliishia darasa la nne, kwa kosa la wakubwa bila shaka, lakini mtoto alimsukuma kwa sponji na kitambaa mpaka akafika ngazi ambayo yeye hakujua hata kuitamka. Zamani, binti alipokuwa bado anasomea huo udaktari, Fundi alimuuliza mezani anasomea nini hasa. Binti akafikiri, akatafuta njia nyepesi ya kulisema jambo zito.

"Mabaki, baba. Nasomea mabaki."

Fundi akala chakula chake mpaka mwisho, akapangusa sahani, hakuacha hata punje, asije akamwongezea mtoto kazi. Moyoni aliumia. Vidole vimeota sugu kwa kushona makalio ya watu, mtoto afike juu, kumbe juu kwenyewe ni makombo! Lakini chako ni chako hata kikinuka. Akaifunika siri hiyo kama watu wanavyomfunika mjomba aliyefungwa jela, na mtu akimuuliza binti anafundisha nini, alijibu, "Mambo ya ndani sana," kisha akaupiga msumari kwa nguvu.

Jioni moja binti akarudi kazini, akautupa mkoba mezani, hakuuliza hata kama chai ipo.

"Wamekataa."

"Nani?"

"Ofisi ya fedha ya chuo."

"Nilijua. Wana zulia wale?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Wanalo au hawana?"

"Wanalo. La kijani."

"Haya, endelea."

Binti akaeleza. Alikuwa ameandaa mkutano wa kimataifa. Wataalamu wa hesabu kutoka nchi nyingi wamekubali kuja kuzungumzia uchanganuzi changamano, ndiyo fani yake, tena kwa nauli zao. Kilichobaki ni ukumbi, chakula na mahali pa kulala. Kwa agizo lililotoka juu, maombi yote ya fedha yalitakiwa yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, basi akahangaika siku kadhaa kutafuta maneno, akaupa mkutano jina: Mabaki na Matumizi Yake. Mhasibu wa chuo aliyasoma maombi vizuri tu mpaka akafika mahali palipoandikwa "namba za kufikirika", ambazo katika hesabu ni namba halali kabisa. Hapo akavua miwani.

"Akaniambia, 'Daktari, ofisi hii ina namba za kufikirika za kututosha. Juzi tu wakaguzi wametukaba koo kwa hizohizo. Sasa wewe unataka kuita na wageni waje wazijadili?'"

Fundi akaangua kicheko. Binti hakucheka.

"Nikaenda kwa Mkuu wa Chuo. Akasema nikipata mfadhili, mkutano ukafanyika na chuo kikaonekana, atausaini mkataba wangu mpya. Nisipopata, huu nilionao unaisha mwisho wa mwezi, ndiyo basi." Akavua viatu, akavitazama. "Kuna chuo cha ng'ambo kimenipa kazi, baba. Nimewaomba wanisubiri. Mkutano ukishindikana nitaondoka. Siwezi kukaa hapa nikawa nakufundisha hesabu wewe."

Fundi akashika kikombe kisichokuwa na kitu. Akaiona nyumba itakavyokuwa: yeye, redio, na wakubwa wa kuwalaumu. Na kulaumu peke yako, pasipo mtu wa kukwambia "baba, basi", ni kama kupiga makofi kwa mkono mmoja. Lakini mdomo wake ulikuwa na tabia zake.

"Nenda," akasema. "Nani kakuzuia? Ndege si zipo?"

"Sijasema nataka. Nimesema nitalazimika."

"Basi lazimika."

Asubuhi yake kinyozi alikuwa amekwisha kuipata habari yote, kwa maana Fundi mwenyewe ndiye aliyemmwagia, ila kwa hasira, ili isionekane kuwa ni huzuni.

"Kwa hiyo mwanao anasomea mabaki," kinyozi akasema huku akifuta mashine yake, "na wewe ndiye utakayebaki."

"Nyoa nywele wewe, acha kunyoa watu kwa maneno."

"Mimi nakutakia heri. Mtafutie mfadhili. Matajiri si wateja wako?"

"Wateja wa viti."

"Ndiyo hivyo. Unawajua kwa upande ambao sisi wengine hatuujui."

Fundi akataka kumtukana, lakini jicho likamwangukia kiti kilichokuwa mbele yake. Kilikuwa kiti kikubwa cha ofisini, cha kuzunguka, kilichopasuka springi kwa kuelemewa. Mwenyewe alikuwa mwenye kampuni ya kuzoa taka, yule ambaye malori yake hupita mitaa yote ya mji yakilia mluzi wa kurudi nyuma. Mbele yake watu walimwita Mkurugenzi. Akishapita walimwita Bosi wa Taka, na wengine hawakungoja apite.

Fundi akatoa misumari yote mdomoni. Mabaki na matumizi yake! Katika mji huu mzima, nani aliyetajirika kwa mabaki?

Kiti alikimaliza siku hiyohiyo, akakipeleka mwenyewe. Ofisi ilikuwa na zulia, tena nene, na Fundi akalikanyaga kama mtu anayemkanyaga nyoka aliyelala. Bosi wa Taka, mtu wa kifua kipana na sauti iliyozoea kushindana na injini, akakikalia kiti, akarukaruka kidogo, akazunguka mzunguko mzima.

"Fundi, hiki sasa kinanipokea kama mama mzazi. Nikupe ngapi?"

"Usinipe kitu, Mkurugenzi. Nisikilize tu."

"Ala! Watu wa kusikilizwa ndio ghali zaidi. Haya, sema."

"Mwanangu ni Daktari wa mabaki."

Kiti kikaacha kuzunguka. "Wa nini?"

"Mabaki. Yuko chuoni. Ameita wataalamu wa dunia nzima waje kuzungumzia mabaki na matumizi yake. Chuo kimemnyima pesa."

"Dunia nzima?"

"Wapo wanaotoka hata nchi za theluji."

"Huko mabaki hayaozi," Bosi akasema kwa wivu. Akatazama dirishani, lori lake moja lilikuwa linaingia uani. Aliporudisha uso, macho yalikuwa yamelainika. "Fundi, nimeanza na mkokoteni mimi. Miaka yote hiyo nabeba uchafu wa mji huu, watu wananipita wameziba pua. Mikutano yao hawaniiti. Wakiniita, ujue imekwisha, nikazoe chupa. Kumbe kuna watu wamekaa darasani mpaka wakawa madaktari kwa ajili ya mabaki! Wanachunguza nini humo?"

Fundi akakumbuka maneno aliyoyasikia binti akiyasema kwenye simu na wenzake. "Mengi. Kuna mashimo. Kuna kuzunguka."

"Mashimo na kuzunguka!" Bosi akaipiga meza kofi. "Ndiyo kazi yenyewe hiyo!"

Wakapeana mkono. Ukumbi, chakula, vyumba vya wageni, vyote juu yake. Alitaka mambo mawili tu: afungue mkutano kwa hotuba, na malori yake yaegeshwe mlangoni, yakiwa yameoshwa.

Fundi alirudi nyumbani kifua mbele. Akamweleza binti habari yote, akingoja kukumbatiwa. Binti akaziba uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka akakaa chini, na alipofika chini kicheko kikageuka kilio.

"Baba, mabaki yangu siyo hayo."

"Kwani yako aina ngapi?"

"Ni hesabu! Hebu sikiliza. Chukulia una uwanja, lakini ni uwanja wa namba. Ndani yake pana mashimo machache, mahali ambapo hesabu inalipuka, haifanyiki. Sasa wewe unauzunguka uwanja kwa nje mpaka unarudi ulipoanzia, huku unajumlisha njia nzima. Jumla utakayopata inatokana na kile ambacho kila shimo limeacha. Hicho ndicho tunachokiita mabaki."

Fundi akatafakari. "Kwa hiyo ni taka za mashimoni."

"Baba!"

"Nimesema ulichosema."

Binti akamtazama, akafuta machozi taratibu. "Miaka yote hii ulidhani nasomea taka?"

"Mimi sikudhani kitu. Niliambiwa."

"Na hukuona aibu?"

"Niliona."

"Ukaendelea kunilipia?"

"Sasa ningefanyaje?" Fundi akaguna. "Kila mtu na chake."

Binti akainuka. "Kesho nakwenda kumwambia ukweli. Siwezi kula pesa ya mtu kwa sababu ya kosa la neno."

"Wakubwa wanakula bila hata neno!"

"Ndiyo maana," binti akasema.

Wakaenda wote wawili. Fundi njia nzima alitembea nyuma hatua kadhaa, kama mtu anayesindikiza jeneza la mkutano.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, Daktari! Kaa, kaa. Hapo, usiogope, kiti cha baba yako hicho."

"Nimekuja kukwambia ukweli. Mkutano wetu hauhusu taka."

Bosi akamkonyeza Fundi. "Bila shaka hauhusu."

"Ni hesabu. Mabaki ninayoyasema ni namba."

"Namba."

"Ndiyo. Tena nyingine za kufikirika."

Bosi akainuka, akafunga mlango, akarudi kwa kunyata. "Endelea. Polepole."

Binti akaendelea. "Tunazunguka eneo bila kuingia ndani. Tukirudi tulipoanzia, tunajua mabaki ya ndani jumla yake ni kiasi gani."

"Bila kuingia?"

"Bila kuingia."

"Hata kama kuna mbwa?"

"Mkurugenzi, kwenye namba hakuna mbwa."

"Hata kama mlinzi kafunga geti?"

"Geti halipo."

"Kwa hiyo geti si tatizo!" Bosi akamgeukia Fundi, mikono juu. "Wewe unajua mageti yanavyonifilisi? Gari linafika, mlinzi anasema ndani hamna kitu. Kesho yake mwenye nyumba kanishitaki kwamba nimemwachia mlima! Na hawa watoto wanazunguka tu, wanajua!"

"Nisikilize, tafadhali," binti akasema, sasa anakaribia kulia tena. "Haina faida yoyote kwa kazi yako. Yoyote. Ukitupa pesa, unazitoa kwa ajili ya hesabu tupu."

Bosi akatabasamu kama mtu aliyemshika muuzaji kanzuni. "Mama, mimi nimenunua vitu maisha yangu yote. Mtu akikwambia chake ni kizuri, kimbia. Akikwambia hakikufai, ujue ameficha dhahabu. Ongeza na chai ya saa nne, juu yangu."

Binti akamweleza tena, mara hii kwa kuchora duara na vinukta kwenye karatasi. Bosi akaiomba ile karatasi, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaongeza na magari ya kuwapokea wageni uwanja wa ndege.

"Nyamaza sasa," Fundi akamnong'oneza. "Ukisema tena atatununulia chuo."

Nje, barabarani, binti akasimama. "Nimemwambia ukweli au sikumwambia?"

"Umemwambia mpaka mimi nimeona haya."

"Basi dhamira yangu safi."

"Safi kama lori lililooshwa."

Ikabaki kazi ya kumngoja Mkuu wa Chuo. Binti alipompelekea habari kwamba mfadhili amepatikana, Mkuu alimpongeza kwa mikono miwili. Alipoutaja mkataba, Mkuu akasema, "Tutaona." Akamfuata tena wiki iliyofuata, akaambiwa, "Mkutano upite kwanza, halafu tutaona." Fundi aliposikia hivyo usingizi ulimpaa. Tutaona ni neno la wakubwa: macho wanayo leo, kuona ni kesho.

Siku ya mkutano ikafika. Ukumbi ulikodiwa katikati ya mji, mbali na chuo, na mlangoni malori yalipangwa mstari mmoja, yamesuguliwa mpaka unajiona uso, kila moja na kitambaa kilichoandikwa MABAKI NI MALI. Wageni wakapiga picha. Kuna mzee mmoja profesa, mwenye nyusi nyeupe kama pamba za mto uliotoboka, aliyeomba apigwe picha akiwa ameshika usukani.

Fundi alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, mahali pa mtu asiyeziamini dari za majengo ya umma. Mbele, mwalimu mwenza wa binti alikuwa ameshika kipaza sauti cha ukalimani. Huyo dada kila aliposikia "mabaki" alilitafsiri kwa neno lao la hesabu, kwa kuwa ndilo neno lililoandikwa kwenye mabango, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Bosi wa Taka akapanda jukwaani na suti mpya.

"Ndugu wataalamu! Watu wengi wanafikiri mabaki ni kitu cha kutupa. Mimi nawaambia, ukiyadharau mabaki, jumla yako yote ni uongo!"

Mkalimani akatafsiri. Yule profesa wa nyusi akainua kichwa, akatafuta kalamu.

"Usihangaike kuingia kila shimo! Zunguka! Zunguka urudi ulipoanzia, halafu ujiulize, ndani mmebaki nini?"

Makofi. Binti, pale meza ya mbele, alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono.

"Na ninyi wasomi mniambie: shimo likiwa katikati, sawa. Likiwa nje, halikuhusu. Lakini likikaa palepale juu ya mpaka? Hapo ndipo penye ugomvi!"

Profesa akasimama wima, akapiga makofi peke yake, halafu ukumbi mzima ukamfuata. Baadaye binti alimweleza baba yake kwamba hata wao hilo ndilo linalowasumbua, shimo likikaa juu ya mstari hesabu inagoma. Lakini wakati ule Fundi aliona tu watu wa nchi zote wanamshangilia mzoa taka, na mzoa taka anajifuta jasho kwa tai.

"Mimi mwenyewe nimeshitakiwa kwa sababu ya shimo la mpakani," Bosi akamalizia. Mkalimani akasita, akatafsiri hivyohivyo. Wageni wakacheka mpaka wakafuta macho.

Kisha akasimama Mkuu wa Chuo. Huyo hakuwa na haraka. Akaeleza jinsi yeye na ofisi yake walivyoona mbali, walivyoamini wazo hili tangu lilipokuwa changa, walivyolimwagilia na kulipalilia. Mhasibu wa chuo, aliyekaa mstari wa pili, akapiga makofi kwa uchungu wa mtu aliyelima. Mwisho Mkuu akainua kidole. "Na leo natangaza mbele yenu, mkutano huu utafanyika hapahapa kila mwaka!"

Shangwe. Mwendesha mkutano akauliza kama kuna swali. Wasomi wakatazama karatasi zao.

Fundi akausikia mwili wake unainuka kabla yeye hajauruhusu. Alimwona binti akimtikisia kichwa kutoka mbali, hapana, baba, hapana. Lakini amekwisha kusimama, na mtu aliyesimama nyuma ya ukumbi akikaa bila kusema, watu humdhania mgonjwa.

"Mimi ni fundi wa viti," akasema. "Swali langu ni kwa Mkuu wa Chuo. Umesema kila mwaka. Huyu aliyeuandaa, mkataba wake unaisha keshokutwa. Sasa mwakani utaandaliwa na nani? Zulia?"

Mkalimani akamtazama binti, akamtazama Mkuu, akatafsiri. Akatafsiri na zulia. Vichwa vya mataifa yote vikageuka nyuma, kisha vikageuka mbele.

Mkuu wa Chuo akatabasamu kwa meno tu. "Mzee wangu, swali zuri sana. Mkataba upo. Uko mezani kwangu, unasubiri taratibu."

"Umekaa hapo muda gani?" akauliza Bosi wa Taka kutoka kiti cha mbele.

"Ni... muda kidogo, Mkurugenzi."

"Basi hiyo ni kazi yangu. Kitu kikikaa sana mahali pamoja, sisi ndio wa kukiondoa. Dereva wangu yuko nje. Atuletee."

"Lakini itifaki, Mkurugenzi..."

"Nayo ailete."

Profesa wa nyusi, alipotafsiriwa, akasema yeye hana haraka, ndege yake ni ya wiki ijayo, na akiombwa kalamu anayo. Watu wakacheka, wakakaa. Chai ya saa nne ikaletwa, ikanywewa yote, na katikati ya chai lori likasikika linarudi nyuma mlangoni kwa mluzi wake. Likashuka faili moja, likiwa limepakatwa na katibu muhtasi wa Mkuu aliyekalishwa mbele na dereva, amebana pua. Mkuu akatia saini mbele ya kamera, huku akisema, kwa wale waliokuwa karibu, kwamba ndivyo alivyokuwa amepanga tangu mwanzo. Mkataba akakabidhiwa binti. Binti akashukuru, akaukunja, akautia mkobani.

Fundi aliliona hilo. Nyumbani jioni hakuweza hata kula.

"Mbona wewe hukusaini?"

"Bado."

"Bado nini? Mtu anauacha mkataba wa serikali ulale mkobani? Wale watu kesho watasema saini imechacha!"

Binti akautoa, akauweka mezani kati yao. Akautoa na ule wa ng'ambo, wa karatasi nzuri yenye nembo, akaulaza pembeni. "Mmesema nyote, baba. Mkuu kasema, Mkurugenzi kasema, hata profesa kasema atatoa kalamu. Wewe umesimama mbele ya dunia nzima ukauliza nani ataandaa mkutano. Mimi hujaniuliza kitu."

"Nikuulize nini?"

"Siku ile uliniambia niende, ndege zipo."

Fundi akakuna shingo. Akatazama dari, mahali ambapo hapakuwa na mkubwa yeyote wa kumbebesha lawama. "Barabara ya uwanja wa ndege ni mbovu," akasema. "Wameiacha hivihivi. Na pasipoti zenyewe, mtu unapanga foleni mpaka..."

"Baba."

"Nasema tu. Nauli pia wamepandisha. Wakubwa hawa..."

"Baba, waache wakubwa. Sema la kwako."

Ukumbi mzima ule haukumtisha Fundi, na sasa mtoto wake mwenyewe, kwenye meza aliyoitengeneza mwenyewe, alikuwa anamtisha. Akashika kona ya kitambaa cha meza, akaikunja, akaikunjua.

"Usiende, mama," akasema. "Nyumba itakuwa kubwa."

Binti akavuta kalamu, akauchukua mkataba wa chuo, akatafuta mahali pa saini. Mkono wa Fundi ukamdaka kiganja.

"Ngoja kwanza. Umeusoma ukurasa wa pili? Mambo yao huyaficha ukurasa wa pili."

"Nimeusoma."

"Usome tena. Kwa sauti. Na ukifika penye namba, uniambie kama ni za kweli au ni zile zenu."

Akavuta kiti chake, akakaa ubavuni mwake, na binti akaanza kusoma kutoka juu.